Ripoti ya saa kumi na moja na nusu: shajara ya mradi, ghala la dagaa Kirumba

Wiki ya 1, Jumatatu

Ghala liko Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka soko la Mwaloni. Mwenye ghala, ambaye sote tunamwita Mama tu, ananunua dagaa wakavu wa visiwani, Ukerewe, Ukara, Irugwa, mara mojamoja hadi Goziba, na kuwauzia wanaopakia malori. Mitumbwi ya mizigo inasafiri usiku ili iwahi soko, kwa hiyo magunia mengi yanapanda mizani kati ya saa nne usiku na alfajiri. Mzee wa mizani anaandika stakabadhi kwa mkono, kijana wa kaunta anaingiza kwenye kompyuta papo hapo.

Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, ipo moja tu, na inatumia Windows 10. Kanzidata ni SQLite, yaani faili moja liitwalo ghala.db, pamoja na fomu ndogo niliyoiunda mwaka jana. Kuna wanaoniuliza kwa nini sikuweka seva. Seva ya nini kwa kaunta moja? SQLite haihitaji mtu wa kuilea, na ukitaka kuihamisha unanakili faili, basi.

Shida yetu ni kwamba data inaingia lakini haitoki. Kila asubuhi kijana wa kaunta ananiandikia: "Kaka, lile swali la jumla liko wapi vile?" Namtumia SQL ileile, yaani swali lililoandikwa kwa lugha ya kanzidata, kwa WhatsApp, anaibandika, inakatika alama moja ya nukuu, tunaanza upya. Mama anafika saa kumi na mbili anakuta bado tunahangaika. Leo kaniita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hivi hii mashine yako inajua kuamka?"

Nikamuuliza kuamka vipi.

"Mimi naamka saa kumi. Mzee wa mizani halali kabisa. Yenyewe inasubiri iamshwe na mtoto wa watu ndipo iseme ina nini tumboni. Nikifika nataka nikute karatasi mezani. Magunia ya usiku wa kuamkia leo, kisiwa gani, kilo ngapi. Mengine sitaki."

Hayo ndiyo masharti ya mradi, nimeyaandika kama yalivyotamkwa.

Jumanne

Ndani ya Windows kuna Task Scheduler, haihitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Unaipa vitu viwili: kichocheo, yaani lini, na kitendo, yaani nini. Kitendo changu ni faili la bechi, yaani orodha ya amri, lenye mstari mmoja wa maana:

sqlite3 ghala.db < C:\ghala\jumla.sql > ripoti.txt

Aliyezoea Linux angefanya hivi kwa cron, kipangaji cha huko, na kwenda zake. Sawa, lakini kijana wa kaunta hajawahi kuiona Linux, na mimi siku nikiwa Geita kwenye kazi nyingine yeye ndiye atakayefungua dirisha la kupangia.

Nimeliendesha kwa mkono, ripoti imetoka safi. Nimepanga kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili kijana apate nusu saa ya kuchapa kabla Mama hajaingia.

Jumatano

Alfajiri hakuna kitu. Kazi ilianza saa tano na nusu, watu wanakunywa chai.

Niliandika 11:30. Nina miaka tisa kwenye kazi za kompyuta na bado kichwa kilisema saa kumi na moja na nusu, vidole vikaandika kumi na moja na nusu. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Sasa ni 05:30. Pembeni ya skrini nimebandika kikaratasi: TOA SITA AU ONGEZA SITA. Kijana amecheka mpaka akakaa chini.

Ila hata hiyo ya saa tano haikuwa ripoti. Skripti ililalamika "no such table: mapokezi". Jedwali la mapokezi lipo, jana nimelisoma! Nimezunguka nusu saa ndipo nikakuta faili lingine la ghala.db, baiti 0, limejikalia ndani ya C:\Windows\System32. Kumbe Task Scheduler usipoiambia ianzie folda gani inaanzia huko. Nayo SQLite ikiambiwa ifungue faili ambalo halipo haiulizi, inaliunda jipya, tupu, halafu inashangaa pamoja nawe kwamba halina jedwali. Kwenye kitendo kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "Start in", watu wengi tunakiruka. Nimekijaza, na juu ya hapo nimeandika njia kamili ya kila faili ndani ya bechi. Lile tupu nimelifuta.

Alhamisi

Kompyuta ililala. Nimeweka alama kwenye kisanduku cha kuiamsha ili ifanye kazi, na kile cha kuifanya kazi mara tu inapowezekana kama muda umepita. Nimeongeza pia .timeout 10000 kwenye SQL, ili ikikuta kijana anaandika gunia wakati huohuo isubiri sekunde kumi badala ya kukata tamaa kwamba faili limefungwa.

Ijumaa

Karatasi ya kwanza mezani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mama ameishika kwa mikono miwili, ameisoma, ameikunja, ameitia kwenye mkoba. Nikajua mradi umekwisha.

Saa mbili mzee wa mizani amekuja kimyakimya. "Mwangaluka, kijana. Ukara mmewaandika ngapi?"

Karatasi inasema kumi na manne. Yeye mwenyewe alfajiri ya leo amepima ishirini na matatu kutoka Ukara, mgongo bado unamuuma.

Jumamosi

Leo sikwenda popote. Nimekaa na stakabadhi za mzee upande wa kushoto na jedwali upande wa kulia, nikafuatilia gunia mojamoja.

Yale kumi na manne ni ya kweli, lakini yalipimwa Alhamisi alfajiri. Ishirini na matatu ya Ijumaa alfajiri yamo kwenye kanzidata pia, yote, ila swali langu halikuyachukua. Nikapanga mistari yote iliyoingia kwenye karatasi kwa mpangilio wa muda nikatazama wa mwisho. Ni gunia la Irugwa. Stakabadhi ya mzee inasema saa 8:58 usiku. Saa ya ukutani, ile ya mshale yenye picha ya sangara, wakati huo ilikuwa 2:58. Kanzidata imeandika 23:58.

Gunia moja, saa tatu tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Mzee anaandika saa za Kiswahili, hiyo haina shida. Shida ni ya kwangu: nilipounda jedwali niliiachia SQLite ijaze muda yenyewe kwa CURRENT_TIMESTAMP, nayo hujaza UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Na date('now') ndani ya swali nayo ni UTC. Kwa hiyo "jana" ya swali langu ilianza saa tisa usiku na kuisha saa tisa usiku. Gunia lililopanda mizani saa tisa kasoro dakika mbili limo, lililopanda saa tisa na dakika moja halimo. Mitumbwi ya Ukara inafika saa kumi.

Dawa ya haraka ni kuongeza 'localtime' na kuondoka. Nikaiongeza, mambo yakawa mabaya zaidi. Sasa "jana" ilikuwa Ijumaa kamili, usiku wa manane hadi usiku wa manane, na magunia yote ya baada ya saa sita usiku yakatoka nje ya karatasi. Hapo ndipo nilipofungua shajara hii na kusoma tena masharti ya Mama. Hakusema jana. Alisema usiku wa kuamkia leo.

Hilo neno ni sahihi kuliko chochote nilichoandika wiki nzima. Usiku wa kuamkia Jumamosi unaanza jua la Ijumaa likizama na ni mali ya Jumamosi. Ghala linaishi hivyo, mwalo mzima unaishi hivyo. Siku yetu inaanza saa kumi na mbili jioni, siyo saa sita usiku. Basi na swali lianze hapo. Saa kumi na mbili jioni kwa UTC ni 15:00, ukiongeza saa tisa unapata usiku wa manane wa siku inayofuata:

WHERE date(wakati, '+9 hours') = date('now', '+9 hours')

Saa tatu za kutoka UTC hadi Mwanza, sita za kutoka magharibi hadi usiku wa manane. Tanzania hatusogezi saa majira yakibadilika, kwa hiyo tisa ni tisa mwaka mzima. Nimeiendesha kwa usiku wa kuamkia Ijumaa: Ukara, 23. Nimempigia mzee simu kumwambia. Amesema anajua, yeye ndiye aliyeyapima.

Wiki ya 2, Jumanne

Nilijiona fundi, nikataka kupamba. Karatasi ya SQLite ni herufi tupu, nikaandika skripti ya kufungua Excel, kumimina data, kuweka mistari na rangi, kuhifadhi na kufunga. Kwa mkono inafanya vizuri.

Alhamisi

Siku ya pili hakuna ripoti. Hakuna kosa pia. Task Scheduler inaonyesha kazi "inaendelea" tangu jana alfajiri, matokeo 0x41301, maana yake bado inafanyika. Na kwa kuwa ya jana haijaisha, ya leo haikuruhusiwa kuanza.

Kazi nimeiweka ifanyike hata kama hakuna aliyeingia kwenye akaunti, na ikiwa hivyo inaendeshwa mahali pasipo na skrini. Excel, nina hakika, ilikuwa imefungua kidirisha cha kuuliza kama ihifadhi juu ya faili la zamani, na ikakaa gizani siku nzima ikisubiri mtu abonyeze ndiyo. Nimeiua. Nimerudi kwenye .mode column na herufi tupu. Mama hata hakugundua kwamba rangi zilikuwepo siku moja.

Nimeweka pia ukomo: kazi ikizidi dakika kumi isimamishwe. Awali ukomo ulikuwa siku tatu, ndivyo ilivyokuja yenyewe.

Wiki ya 3, Jumatano

Mama kapiga simu saa kumi na mbili na robo. "Mashine yako imekufa."

Karatasi ina neno jumla, kistari chini yake, na chini ya kistari patupu. Sehemu ya visiwa haipo kabisa, hata vichwa vya safu. Nimekimbilia huko na bodaboda nikiwa nimeshaandaa kichwani orodha ya makosa: faili limefungwa, njia imebadilika, diski imejaa. Nikakuta kila kitu kizima. Nikaendesha swali kwa mkono, patupu. Nikasoma jedwali, mstari wa mwisho ni wa juzi.

Mzee wa mizani alikuwa amelala juu ya magunia matupu, kofia usoni. Akaniambia bila kuiondoa: "Kijana, hujautazama mwezi?"

Mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye usiku wa giza, mwezi ukijaa taa haiwavuti na wavuvi wanavuta mitumbwi pwani. Ghala linasikia kwa kuchelewa siku kadhaa, maana waliovuliwa mwisho bado wanakaushwa na kusafirishwa, halafu kimya. Hakuna kilichoharibika. Jibu sahihi lilikuwa sifuri, ila SQLite ukiiomba sum() ya mistari isiyokuwepo haikupi sifuri, inakupa utupu. Ipo total(), inayorudisha 0.0. Nimebadilisha.

"Sasa imeandika sifuri nukta sifuri," Mama akasema. "Hiyo nukta ya nini?"

Nimeiondoa nukta.

Wiki ya 4, Jumatano

Hii naiandika nikiwa na aibu.

Jumapili mchana umeme ulikatika kwa muda mrefu, UPS, yaani betri ya akiba, ikaisha, kompyuta ikazimika. Jioni umeme uliporudi kijana wa kaunta aliiwasha. Skrini nyeusi ikatoa maneno na kuomba abonyeze F1, akabonyeza, kama ambavyo mtu yeyote angebonyeza.

Jumatatu karatasi ilisema 0. Mama akasema mwezi, akaikunja. Jumanne 0, akasema mwezi. Leo 0, na mzee wa mizani akaingia ofisini akiwa na vumbi la dagaa hadi kwenye nyusi, akaitazama karatasi juu ya meza, akaniangalia mimi. Giza lilisharudi. Usiku wa kuamkia leo mitumbwi imefika mitatu.

Saa ya kompyuta, pale pembeni chini, ilisema Januari 2012.

Betri ndogo ya saa kwenye ubao imekufa. Umeme ukiwepo haijulikani, umeme ukiondoka kabisa mashine inasahau tarehe na kurudi ilikozaliwa. Intaneti ya ofisi ni bando la simu na kompyuta hii haiunganishwi ila siku nikiwepo, kwa hiyo hakuna cha kuisahihisha. Nikafungua Task Scheduler: ripoti itakayofuata ni ya tarehe ile niliyoiunda kazi, wiki ya 1. Kwa mashine siku hiyo ilikuwa bado miaka mingi mbele, kwa hiyo ikatulia, inasubiri kwa adabu. Hakuna kosa lililoandikwa popote.

Na zile sifuri tatu? Ni karatasi moja. Ripoti ya Jumapili alfajiri, ya mbalamwezi, iliyobaki kwenye ripoti.txt, ikachapwa Jumatatu, ikachapwa Jumanne, ikachapwa leo. Mimi ndiye niliyemfundisha kila mtu hapa kuiamini sifuri, wiki iliyopita tu.

Alhamisi

Betri ni CR2032, ya volti 3, kama shilingi ya zamani. Nimeipata kwa fundi saa Makoroboi. Ya zamani ameipima mbele yangu kwa mita yake, sindano ikapanda kidogo ikachoka. Akaniuliza ni ya saa gani. Nikamwambia ya saa ya kompyuta, akataka kujua kama na zenyewe huwa zinachelewa.

Kubadilisha ni dakika tano. Mistari iliyoandikwa na tarehe za 2012 ndiyo iliyonila mchana. Iko 64. Bahati ni kwamba tangu Jumapili jioni mashine haikuzimwa tena, kwa hiyo pengo kati ya saa ya uongo na saa ya kweli ni lilelile kwa mistari yote. Nikachukua stakabadhi ya kwanza ya Jumapili usiku, saa ya mzee kwa mkono wake, nikaibadili kuwa UTC, nikatoa ile ya kanzidata, nikapata pengo kwa sekunde. Nikalijaribu kwenye stakabadhi nyingine tano za siku tofauti. Zote zimeangukia ndani ya dakika mbili, na dakika mbili ni muda wa mzee kutafuta kalamu.

Kwanza nakala: .backup kwenda kwenye flashi. Halafu UPDATE moja kwa mistari yote iliyo chini ya 2013. Sijawahi kubonyeza Enter taratibu namna ile.

Mabadiliko kwenye ripoti ni madogo. Jina la faili sasa lina tarehe. Tarehe naiomba kwa PowerShell kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, maana %date% ya bechi hapa inakuja na mikwaju na Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Kijana asipokuta faili la leo hachapi la jana, ananipigia. Juu kabisa ya karatasi kuna mistari miwili:

Imetolewa: siku na saa
Gunia la mwisho kuandikwa: siku, saa, kisiwa

Saa zote mbili nimezigeuza ziwe za Kiswahili. SQL ya kugeuza ni mbaya, ina CASE ndefu yenye usiku, alfajiri, asubuhi, mchana na jioni, na mtu wa kazi yangu akiiona atanicheka. Lakini Mama anaulinganisha mstari wa pili na stakabadhi ya juu kabisa ya mzee, vikilingana anaendelea kusoma, visipolingana haendelei.

Wiki ya 5, Jumatatu

Orodha ya wadaiwa inatoka kila Jumatatu, kazi ya pili, kichocheo chake peke yake. Hiyo haikuleta maneno hata moja, isipokuwa kutoka kwa wadaiwa.

Mama ameniita tena. Karatasi anaipenda, ila ikitoka saa kumi na moja na nusu yeye tayari yuko njiani na mteja wa lori ameshampigia kuuliza kilo. Anataka itoke saa kumi alfajiri, na kijana aipige picha amtumie.

Nimefungua kichocheo nikaandika 04:00. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu, kidole chake kwenye kile kikaratasi cha pembeni ya skrini, anahesabu kwa sauti.